Ukiona "HMS Kipanga" usitafute meli: namna ya kumfuatilia ndugu aliyefia vitani akiruka na wanamaji

Kila mwezi Novemba mama mkwe wangu, mzaliwa wa Hampshire kule Uingereza, alikuwa akienda na maua kwenye mnara wa wanamaji wa Southsea, Portsmouth, kumkumbuka ami yake aliyefia vitani. Jina la ami yake hakuwahi kuliona pale. Akadhani macho yamemchoka, au fundi aliyechonga alilisahau. Hadithi ya nyumbani ilikuwa moja: kijana alizama na meli yake Bahari ya Hindi mwaka 1943, Wajapani wakihusika. Siku alipoitoa ile telegramu bahashani akanionyesha, nikasoma jina la meli: HMS Kipanga.

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mimi mtoto wa Mombasa, kipanga namjua, ni ndege anayenyakua vifaranga. Na babu yangu mzaa mama, aliyekuwa kuli Kilindini wakati wa vita, alikuwa akitusimulia habari za wazungu wa ndege waliokuwa na kambi yao huko. Kipanga haikuwa meli. Kilikuwa kituo cha nchi kavu.

Haya niliyoandika hapa chini ndiyo niliyojifunza tangu siku ile. Nayaeleza kwa upande wa Uingereza na makoloni yake ya zamani, maana ndio ninaoujua, na ndio unaogusa pwani yetu.

Anza na kabati la nyumbani

Kabla ya kufungua kompyuta, kaa na mkubwa wa familia aliyebaki, na umwache aseme. Usimsahihishe. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata yale unayojua si kweli, kwa sababu ndani ya kosa mara nyingi mna jina la mahali au la rafiki utakalolihitaji baadaye. Kisha omba kuona karatasi: telegramu, barua ya rambirambi ya kamanda, kadi za Krismasi, daftari la safari za angani kama lilirudishwa. Medali za Waingereza za vita vya pili zilitolewa bila kuchongwa jina, kwa hiyo zenyewe hazikwambii zilikuwa za nani. Kisanduku kilichozileta na karatasi iliyo ndani ndivyo vya kutunza.

Picha iangalie kwa kioo cha kukuzia. Rubani wa jeshi la anga la kawaida huvaa beji ya mbawa kifuani, wa wanamaji huivaa kwenye mkono wa kushoto wa koti, juu ya mistari ya cheo. Mistari hiyo ikiwa imenyooka, huyo ni mwanamaji wa kudumu. Ikiwa na mawimbi, ni wa akiba ya kujitolea, na vijana wengi walioruka wakati wa vita walikuwa wa kundi hili. Ndani ya kitanzi cha mstari wa juu utaona herufi A, alama ya tawi la anga. Askari wa kawaida huwa na kofia ya utepe, ila wakati wa vita utepe uliandikwa "H.M.S." tu bila jina la meli, ili adui asijue nani yuko wapi. Usipoteze jioni nzima ukilitafuta jina hilo kwenye picha. Niliipoteza mimi.

Kitu kimoja kina thamani kuliko vyote vingine kabatini: namba ya jeshi. Kwa askari wa kawaida wa Fleet Air Arm, yaani tawi la anga la wanamaji, namba ya vita vya pili huanza na FX. Maofisa wa wakati ule hawakuwa na namba, kwa hiyo wao utawatafuta kwa jina kamili, cheo na tarehe.

Jua alikuwa wa jeshi lipi mwaka ule

Hapa wengi hupotea, wakaandikia ofisi isiyohusika na kungoja miezi.

Tangu 1914 hadi 31 Machi 1918 wanamaji walikuwa na jeshi lao la anga, Royal Naval Air Service. Tarehe 1 Aprili 1918 likaunganishwa na lile la nchi kavu, ikazaliwa RAF, jeshi la anga la Uingereza. Mwaka 1924 RAF ikaunda Fleet Air Arm kwa ajili ya ndege za melini, lakini ikabaki mali ya RAF mpaka 24 Mei 1939, wanamaji waliporudishiwa ndege zao. Kwa hiyo aliyekufa Machi 1918 na mwenzake aliyekufa Mei 1918, walala kambi moja, kumbukumbu zao zimekaa mafungu mawili tofauti. Ukikutana na namba ya RAF inayoanzia 200001 na kuendelea, toa 200000 na ubandike F mbele: hiyo ndiyo namba yake ya zamani ya wanamaji. Vikosi navyo viliongezewa 200, kikosi cha kumi cha wanamaji kikawa cha 210 cha RAF.

Vita hivyo vya kwanza vilifika kwetu. Mwaka 1915 ndege za wanamaji zilirukia Mafia kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika mikono ya mto Rufiji, na ndizo zilizoelekeza mizinga iliyoimaliza tarehe 11 Julai. Januari 1917, rubani Edwin Moon na kamanda Richard Bridgeman walilazimika kuteremsha ndege yao ya majini ndani ya delta hiyohiyo. Wakahangaika kwenye mikoko siku kadhaa. Bridgeman akafa, Moon akatekwa na Wajerumani. Anayemfuatilia mtu wa aina hii asianzie kwenye makaratasi ya RAF, hata kama kila anayemuuliza anamwambia "marubani wote ni RAF".

Tafuta jina kwenye orodha ya makaburi

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina orodha ya bure mtandaoni. Weka jina la ukoo, mwaka wa kufa, na tawi la jeshi. Usiweke jina la kwanza kwa ukamilifu mara ya kwanza, kwa kuwa wengine wameandikwa herufi tu. Ukimpata, nakili kila kitu: cheo, namba, tarehe, kituo au kikosi, na mahali.

Mahali penyewe panasema. Akiwa kwenye mnara wa Lee-on-Solent, Hampshire, maana yake ni mtu wa Fleet Air Arm asiye na kaburi linalojulikana, na pale wako karibu 2,000. Wakanada waliopotea hukumbukwa Halifax. Huko ndiko liliko jina la Robert Hampton Gray, rubani wa HMS Formidable aliyeuawa Japani tarehe 9 Agosti 1945, siku chache kabla ya vita kwisha. Watu wa New Zealand wana mnara wao Auckland. Minara ya Portsmouth, Plymouth na Chatham ni ya mabaharia waliotoka kwenye bandari hizo, ndiyo maana mama mkwe alisoma Southsea mpaka shingo ikamuuma asimwone mtu wake.

Ami yake hakuwa kwenye mnara wowote. Alikuwa na kaburi. Makaburi ya Mbaraki, Mombasa, mwendo wa dakika chache kutoka nilikokuwa nikicheza mpira.

Usilisome jina la meli kama jina la meli

Sheria na mishahara ya wanamaji wa Uingereza vilimtaka kila mtu awe kwenye daftari la meli fulani. Sasa mtu anayefanya kazi uwanjani, hajaona maji wiki nzima, unamwandika wapi? Wakatatua kwa kuupa uwanja jina la meli. Lee-on-Solent ikaitwa HMS Daedalus, Yeovilton ikaitwa HMS Heron. Wenyewe huviita vituo hivi frigeti za mawe, yaani manowari zilizojengwa kwa mawe.

Baada ya Wajapani kuipiga Colombo tarehe 5 Aprili 1942, kisha Trincomalee na kuizamisha HMS Hermes, meli ya kubeba ndege, tarehe 9, kundi la manowari la Mashariki lilihamishia makao yake Kilindini. Ndege nazo zikahitaji viwanja, na viwanja vikahitaji majina. Nani aliyependekeza Kiswahili, Mungu ndiye ajuaye, ila desturi ya kuvipa vituo vya ndege majina ya ndege wa porini ilikuwepo tangu zamani, na heron wenyewe ni korongo. Basi tukapata HMS Kipanga kwa Kilindini, HMS Korongo kwa karakana ya ndege Nairobi, na HMS Kilele kwa Tanga, huyu sasa si ndege bali ni ncha ya mlima, sijui walichanganya vipi. HMS Tana ilikuwa kituo cha kawaida cha wanamaji Kilindini. Uwanja wa Port Reitz waliourukia ndio uliokuja kuwa uwanja wa ndege wa Moi. Kulikuwa na viwanja vingine bara, Mackinnon Road na Voi.

Kwa Mwingereza anayetafuta orodha ya meli zilizozama, majina haya ni ukuta. Kwako wewe msomaji wa Kiswahili ni mlango, na ukikutana na familia ya Kizungu iliyokwama hapo, wasaidie.

Kosa la pili ni kinyume chake: kudhani kila aliyekufa na jina la kituo alifia kituoni. Mtu angeweza kubaki kwenye daftari la Daedalus huku yuko safarini. Kwa hiyo tafuta kikosi. Namba 700 hadi 799 vilikuwa vikosi vya mafunzo, huduma na kazi za nyuma. 800 hadi 899 vya mapambano. Vita vilipopanuka vikaongezwa vya 1700 na 1800. Kikosi cha 788, kwa mfano, kilikaa Tanga kwa muda, na kazi yake haikuwa ya mstari wa mbele.

Namna alivyokufa

Jiandae kwa jambo ambalo familia nyingi hazilitaki. Sehemu kubwa ya vijana hawa hawakupigwa na adui. Kulikuwa na siku kama ile ya 12 Februari 1942, ndege 6 za Swordfish zilipoziendea manowari za Kijerumani katika mlangobahari wa Dover na zote zikaangushwa, watu 13 kati ya 18 wakafa pamoja na kiongozi wao Eugene Esmonde. Lakini kulikuwa na siku nyingi zaidi za injini kukatika, ndoano ya nyuma kukosa waya wa kuisimamisha ndege wakati wa kutua melini, ukungu, mafuta kwisha juu ya maji matupu, kijana wa miaka 19 kukosea kidogo tu. Swordfish na Albacore zilibeba watu watatu, rubani, mwongoza njia, na wa nyuma anayeshika redio na bunduki, na huyo wa nyuma kosa la rubani lilimchukua vilevile.

Ajali iliandikwa kwenye fomu iitwayo A25. Jumba la makumbusho la Fleet Air Arm, Yeovilton, lina kumbukumbu za fomu hizo pamoja na shajara na maalbamu ya vikosi. Waandikie ukiwa na tarehe, kikosi na aina ya ndege kama unaijua. Barua inayosema "naomba habari zote za babu yangu" itajibiwa kwa upole, bila habari. Barua inayosema "tarehe fulani, Albacore, Port Reitz, watu watatu" ina nafasi.

Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Kew, London. Kadi ya msomaji ni bure ukienda na kitambulisho, na unaruhusiwa kupiga picha kwa simu yako bila malipo, kwa hiyo nenda na chaji kamili. Ukiwa mbali, katalogi inafunguka popote, na unaweza kulipia nakala. Mafungu ya kuyajua ni haya. ADM 358 ni mafaili ya kuwaulizia waliopotea, na mara nyingi maelezo ya katalogi yana jina la mtu. Ndiyo maana huwa naanza na hilo. ADM 207 ni shajara za vikosi, si zote zilizobaki. ADM 199 ni taarifa za mapambano na misafara. ADM 53 ni vitabu vya safari vya meli. Manowari kubwa na zile za kubeba ndege unaweza kuzipata, ila meli ndogo nyingi vitabu vyake havikuhifadhiwa. Kwa wa vita vya kwanza, ADM 273 ni ya maofisa wa anga wa wanamaji, ADM 188 ya askari wao, na AIR 76 na AIR 79 kwa wale waliovuka kwenda RAF.

Faili la aliyepotea lina sauti. Ndani mna barua za mama anayeuliza kama mwanawe alionekana akishika boya, na karani anayejibu kwa mistari minne. Lisome ukiwa umekaa. Na ulinganishe tarehe: ya tukio, ya telegramu ya kwanza ya "amepotea", na ile ya kumhesabu marehemu, inayoweza kuja miezi baadaye. Familia hukumbuka ile waliyopokea karatasi, kisha wakakwambia hiyo ndiyo siku aliyokufa.

Kwa ami yake mama mkwe jibu lilikuwa fupi. Injini ilizima mara tu baada ya kuruka. Mjapani hakuwepo.

Rekodi yake ya utumishi

Rekodi binafsi za wanamaji wa vita vya pili zilikuwa kwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na tangu 2022 zimekuwa zikihamishiwa Kew kwa mafungu. Tazama kwanza katalogi ya Kew, kisha ukikosa, omba kupitia tovuti ya serikali ya Uingereza. Kwa aliyefia kazini kwa kawaida hudaiwi hati ya kifo. Hati yenyewe unaweza kuinunua kwa msajili, lakini haitasema mengi zaidi ya ulichokwisha kujua, na mimi pesa hiyo ningeiweka kwenye nakala za ADM 358.

Kadi ya utumishi usiitarajie kuwa hadithi. Ni vituo na tarehe. Iweke mezani sambamba na shajara ya kikosi, na hapo ndipo utajua mwezi gani alikuwa mafunzoni, lini alipanda meli, lini alifika Kilindini.

Ikiwa mtu wako ni wa huku kwetu

Marubani wa Kiafrika katika Fleet Air Arm usiwatafute pwani hii. Waliobeba mabomu, waliolima viwanja, waliopika na kulinda ndio babu zetu, na habari zao ziko zaidi midomoni mwa wazee kuliko Kew. Lakini wapo waliofia baharini wakiwa askari. Meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini Februari 1944 ikielekea Colombo, ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na wanamaji wa Kiingereza wakiwamo. Waafrika hao wanakumbukwa kwenye mnara ulio ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi, Ngong Road.

Ukitafuta jina la Kiswahili au la kibara kwenye orodha hizi, kumbuka liliandikwa na karani aliyelisikia kwa sikio la kigeni. Jaribu Juma, Jumah na Juma bin. Jaribu jina la baba kama la ukoo, kisha jina moja peke yake. Tafuta kwa namba kama unayo. Na kwa vita vya kwanza ujue kwamba CWGC yenyewe ilikiri mwaka 2021 kuwa maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliofia vita vile hawakuandikwa kwa majina popote. Kukosa jina si ushahidi kwamba mzee hakwenda.

Kwenda kaburini

Kabla ya safari chukua kutoka CWGC namba ya eneo na ya kaburi, uichapishe, maana mtandao unaweza kukuangusha ukiwa getini. Nenda asubuhi au alasiri. Jua likiwa upande, herufi zilizochongwa hupata kivuli na picha hutoka wazi. Jua la saa sita linazifuta. Beba maji na brashi laini ya nguo. Usitumie sabuni, siki wala waya. Jiwe la mwanamaji lina nanga iliyozungukwa na kamba, na chini kabisa huenda mna maneno mafupi yaliyochaguliwa na familia wakati ule. Yanakili, kwa sababu mara nyingi hakuna aliye hai anayekumbuka nani aliyachagua.

Tulimleta mama mkwe Mbaraki mwezi Januari. Mlinzi alitutafutia ndoo, mke wangu akamwaga maji taratibu, na namba yenye FX ikajitokeza herufi baada ya herufi. Mama mkwe akagusa nanga. Kisha akaniuliza kipanga ni yupi kati ya wale ndege walioko juu ya miti. Nikatazama. Wote walikuwa kunguru.